Kilumi: ngoma ya maombi ya Kitui na Makueni

Kilumi ni ngoma ya maombi na uganga ya Wakamba, na ni miongoni mwa ngoma zao kongwe kabisa. Hupigwa mvua inapokataa, au mtu anapougua maradhi yanayosemekana yametokana na aimu, yaani mizimu ya waliotangulia. Sisi wa Pwani tuliowahi kuona ngoma ya pepo tutatambua mengi humu, ila tusiharakishe kusema ni kitu kimoja.

Kitui na Makueni ni nchi kavu. Tegemeo kubwa la mkulima wa huko si masika kama kwetu, bali vuli, ya Oktoba hadi Disemba, na ikikosekana hiyo, njaa imeingia. Maombi ya mvua yana mahali pake, ithembo, mara nyingi chini ya mti mkubwa wa jamii ya mkuyu, pasipokatwa kuni. Mwenye kuijua kaya ya Wamijikenda ataelewa heshima hiyo.

Mjuzi wa mambo haya ni mundu mue, mwanamume au mwanamke. Kazi hii haombi mtu. Wako wanaozaliwa na alama, na wako wanaoitwa kwa ndoto au kwa ugonjwa mrefu usiosikia dawa, wakapona pale tu walipokubali. Kisha hufundishwa na aliyewatangulia: mitishamba, sadaka, na nyimbo.

Chombo chake cha kuagulia ni upinde, silaha ileile ya Mkamba mwindaji. Huuegemeza kwenye kibuyu ili sauti ivume, akagonga uzi kwa kijiti huku akiimba taratibu kuwaita aimu. Halafu humimina mbegu na vijiwe kutoka kibuyuni na kuvihesabu. Hesabu ndiyo jibu.

Kilumi yenyewe ni shughuli ya watu wengi. Ngoma ndefu iitwayo mwase hubanwa mapajani ikapigwa kwa mikono. Wachezaji wengi ni kina mama watu wazima. Mmoja huanzisha, wengine wakaitikia. Kila pepo ana mapigo yake, na mpigaji hubadilisha mpaka ampate aliyempanda mgonjwa. Kwa hiyo mpiga ngoma naye ni tabibu. Gerhard Lindblom, mtafiti wa Sweden aliyekaa Ukambani kabla ya vita vya 1914, aliandika kwamba pepo wengine walikuwa wa kigeni, wa makabila ya jirani. Si ajabu. Misafara ya Wakamba, kama ile ya Kivoi wa Kitui aliyetembelewa na Krapf mwaka 1849, ilishusha pembe Mombasa ikarudi na nguo na shanga. Inaonekana haikurudi na hizo tu.

Mwaka 1895 Africa Inland Mission ilifungua kituo chake cha kwanza Nzaui, Makueni ya leo, na kwa wamishenari wale kubatizwa kulimaanisha kuiacha ngoma. Serikali nayo iliiogopa. Mwaka 1911 mama mmoja wa upande wa Machakos, Siotune wa Kathuke, alipandwa na pepo, akakusanya watu kwa mahubiri na ngoma. Waingereza wakamkamata na kumhamisha. Sheria ya uchawi ya 1925 ikazidi kuwatia hofu waganga, maana askari hakujali tofauti ya mganga na mchawi.

Siku hizi ngoma za jadi zaidi utaziona jukwaani, kwenye matamasha ya shule. Ni vizuri, lakini jukwaa lina dakika zake, halina mgonjwa wala mvua inayosubiriwa. Watoto hushika hatua na mapigo. Maneno ya Kikamba cha zamani wanayo wazee, na wajukuu wa kuyapokea wengi wako Nairobi na Mombasa.

Wako kati yetu watakaosema haya ni shirki, hayatuhusu. Kuabudu ni jambo moja, kumjua jirani ni jingine, na Wakamba ni jirani zetu Rabai, Jomvu na Shimba Hills tangu zamani. Linaloniudhi mimi ni kusikia nyimbo za aina hii zikitajwa kuwa "za asili" tu, kana kwamba hazikutungwa na mtu. Mtunzi yupo, na Wakamba wana jina lake: ngui. Anayekwenda kurekodi na aandike ni ngui gani, wa kijiji gani, na wimbo ule ulipigiwa nini usiku ule: mvua, au mgonjwa.