Babu Yake Bibi

Bibi yangu anaishi Kagunga, kijiji cha ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, pale Tanzania inapoishia na Burundi kuanza. Likizo iliyopita nilifika kwa boti kutoka Kigoma, na jioni ya kwanza tu, tukiwa tunachambua dagaa, akaniuliza: "Mjukuu wangu, si unasema kwenye hiyo simu kuna kila kitu? Basi nitafutie babu yangu."

Babu yake alichukuliwa upagazi wakati wa vita ya Wajerumani. Alibebeshwa mzigo na Bulamatari, akaelekea Tabora, hakurudi. Habari yote ndiyo hiyo. Baba yake bibi alikuwa bado anabebwa mgongoni. Mimi nasoma shahada ya uzamili ya historia. Niliona aibu kumwambia sijui pa kuanzia.

Nilianza wanapoanza wengi, kwenye tovuti moja kubwa ya nasaba. Fomu yake ilitaka vitu vitatu: jina la ukoo, mwaka wa kuzaliwa, nchi. Nikakwama kwenye vyote. Kwa Waha, kama ilivyo kwa Warundi, kila mtoto alipewa jina lake mwenyewe: baba jina lake, mwana lake, mjukuu lake. Jina moja la kurithishana, ambalo fomu zile hulichukulia kama jambo la kawaida ya binadamu, halikuwapo. Mwaka wa kuzaliwa hakuna aliyeuandika. Na nchi? Alizaliwa Uha, akatozwa kodi na Wajerumani, akachukuliwa na watu wengine kabisa.

Kwa hiyo niliacha kumtafuta mtu, nikatafuta mahali. Hapo ndipo nilipogundua kuwa hata mahali pana tahajia zake. Ukiandika "Ujiji" utawapata Waingereza. Wajerumani waliandika "Udjidji", na wilaya yao yote ya huku waliiita hivyo. Wamisionari wa Kifaransa walipenda kuanza na "Ou". Nilipobadilisha herufi tu, mlango ukafunguka: kamusi ya makoloni ya Wajerumani, iliyochapishwa mwaka 1920, ipo mtandaoni bure kupitia maktaba ya Chuo Kikuu cha Frankfurt, pamoja na maelfu ya picha za enzi hiyo. Kitabu cha Stanley cha mwaka 1872 nacho kinapatikana bure kwenye Internet Archive, na unaweza kutafuta neno ndani yake. Humo yeye na Livingstone wanapanda mtumbwi kutoka Ujiji, Novemba 1871, wakifuata mwambao huu kuelekea kaskazini hadi Mto Rusizi. Walipita mbele ya milima hii hii ninayoiona nikiwa nimekaa mlangoni kwa bibi. Nilimsomea. Akasikiliza, kisha akauliza kama wamemtaja mtu yeyote wa huku. Swali zuri kuliko mengi niliyoyasikia kwenye semina zetu.

Nikahamia kwenye vita. Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ina hifadhi kubwa ya majina mtandaoni, na kuitafuta hakuna malipo. Nilikesha nayo usiku mzima, nikisogea na simu hadi penye mtandao. Sikupata kitu. Asubuhi nikasoma ripoti ambayo Tume hiyo yenyewe iliitoa mwaka 2021: watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Nikamwambia bibi, basi, ni mmoja wa hao.

"Kwani hao ni Bulamatari?" akauliza.

Hapana. Nami ndiye ninayesomea historia! Bulamatari ni jina ambalo watu wa Kongo walimpa Stanley, likahamia kwa serikali iliyomfuata, ya Wabelgiji. Wabelgiji ndio walioingia Kigoma Julai 1916, siku ambazo Wajerumani waliizamisha wenyewe meli yao ya Götzen, ambayo leo tunaiita Liemba. Ndio walioiteka Tabora Septemba mwaka huo, na ndio waliotawala Kigoma hadi 1921. Waingereza wasingeweza kuandika jina la mpagazi aliyembebea mzigo mtu mwingine. Nilikuwa nimekesha kwenye hifadhi isiyo yake, na bibi alikuwa ameniambia ya kwake tangu jioni ya kwanza, kwa neno moja ambalo mimi nililipita kama pambo la masimulizi.

Majalada ya utawala wa Wabelgiji yako Brussels. Sina uhakika kama mpagazi mmoja wa Uha yumo, lakini sasa najua lugha ya kumtafutia, miaka ya kumtafutia, na jeshi lililomchukua.

Kuna orodha nyingine ambayo nilitamani kuiona. Mei 2015, Burundi ilipochafuka, makumi ya maelfu ya watu walijazana kwenye ufukwe huu. Kipindupindu kikaingia. Liemba ikawa inawabeba kwa mamia kuwapeleka Kigoma, na kutoka huko wakaenda kambi ya Nyarugusu. Majina yao yaliandikwa, familia kwa familia. Orodha hiyo haipo wazi mtandaoni, na ni haki isiwepo: aliyekimbia hahitaji kutafutwa na kila mtu. Ila bibi anakumbuka mama mmoja aliyelala barazani kwake siku tatu. Walikaa wakatajiana wazee wao, mmoja baada ya mwingine, hadi wakakutana kwa mtu mmoja. Hakuna fomu iliyojazwa.

Kabla sijaondoka nilimrekodi akiwataja wazee wake. Nikaandika majina, nikayahifadhi sehemu tatu, nikamsomea. Akanisimamisha mara mbili. Mara ya kwanza nilikuwa nimeweka "r" palipo na "l". Mara ya pili nilikuwa nimemruka mtu: dada wa yule mpagazi, aliyemlea mtoto aliyebaki.

Barua pepe ya Brussels niliiandika kwa Kifaransa changu cha kuokoteza, nikamtafsiria. Akataka kujua kama nimemtaja na huyo dada. Nikaifungua tena.