Pikipiki ndefu, injini ndogo: namna tulijifunza



Kwenye mkutano mkuu uliopita swali la ile DT ya chama lilirudi tena. Wengine walisema iuzwe, tuongeze feza kidogo, tununue Boxer mpya ya kubeba watu. Wengine walisema ibaki. Sisi wanne tunaofanya kazi ya tereni kwenye ma-ONG tulinyamaza siku ile, juu maneno yalikuwa mingi kuliko dakika tulizopewa. Tumeona afazali tuandike, na tuanze mbali kidogo, maana ile pikipiki ina historia ndefu kuliko chama chetu.

Kwa yule ambaye hajaikaribia: ni Yamaha DT125. Gurudumu la mbele ni inchi 21, la nyuma 18. Kiti kinapita santimita 80 toka chini, kwa hiyo mtu mfupi akisimama anagusa udongo kwa ncha ya kiatu tu. Gadibu ya mbele imeinuliwa mbali na tairi ili matope yasibane gurudumu. Ukiiona kwa mbali unasema ni mashini kubwa. Lakini injini yake ni silinda moja ya cc 123, ya mipigo miwili, ile mafundi wetu wanaita detan. “Mwili wa ng’ombe, moyo wa mbuzi,” fundi mmoja wa Baraka alituambia siku ya kwanza, na hatujasikia maelezo mazuri kupita hayo.

Nani alifikiria kutengeneza kitu cha namna hiyo? Mwaka 1968 Yamaha ilitoa DT-1 ya cc 250 kwa Wamarekani waliotaka pikipiki moja ya kwenda nayo kazini katikati ya juma na porini siku ya mapumziko. Ilipendwa sana. Wadogo zake wakafuata, mmoja wa 125, na katikati ya miaka ya 1970 huyo akaanza kuitwa DT125. Honda nayo ikaleta XL125, ya mipigo minne. Mwanzoni basi lilikuwa jambo la starehe.

Kisha sheria ikaingia. Uingereza, tangu 1961, mwanafunzi wa pikipiki aliruhusiwa kupanda hadi cc 250, peke yake barabarani, akiwa amebandika herufi L nyekundu mbele na nyuma. Vijana waliumia mingi, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 serikali ikashusha kipimo hadi 125. Mwaka 1991 nchi za Ulaya zikapatana kipimo kinachofanana kwa permi ya A1: cc 125, na nguvu isiyopita kilowati 11. Hapo watengenezaji wakaelewa jambo moja: mwanafunzi amekatazwa injini kubwa, lakini hakuna aliyemkataza mwili mkubwa. Mwaka 2001 Honda ikatoa Varadero 125, yenye umbo la dada yake wa cc 1000, tangi pana na kioo cha upepo mbele, na ndani yake 125 tu. Kijana wa kule alinunua ukubwa wa macho. Alitaka asimame kwenye taa nyekundu aonekane mtu mzima.

Tusimcheke. Hapa Fizi kuko vijana wangapi waliosoma hadi Uvira na Bukavu, na ndoto yao ya kwanza haikuwa mshahara, ilikuwa kuonekana juu ya pikipiki ndefu ya ONG na kaske kichwani? Sisi tunajijua.

Tofauti ni kwamba huku ule mwili mrefu ulikuwa na kazi. Wa kwanza kuona hivyo hata hawakuwa Waafrika. Yamaha ilitengeneza AG100 kwa wakulima wa Australia na New Zealand, watu wa kufuata kondoo na ng’ombe kwenye mashamba yasiyo na barabara: mnyororo umefunikwa wote, vyuma vya kulinda mikono, kibebeo mbele na nyuma. AG maana yake ni kilimo. Mashirika ya afya na ya maendeleo yalipoiona yalisema hii ndiyo yetu, na ikaenea Afrika pamoja na XL na DT.

Wazee wa Fizi wanatuambia kwamba wakati wa Zaire pikipiki ilikuwa ya mtu wa kazi fulani: padri, muganga, agronomu. Hakuna mtu aliyesema “nitanunua moto.” Walisema “nitapewa moto.” Tunaomba mshike neno hilo, juu tutalirudilia.

Mwaka 1996, vita ilipofika, tulivuka ziwa kwenda Kigoma. Mtumbwi ulibeba watoto, sufuria na godoro kama ulibahatika. Pikipiki zilibaki. Kambini, Nyarugusu na Lugufu, sheria ya Tanzania ilitukataza kupita kilomita 4 bila kibali. Mtu wa kilomita nne ana haja gani na pikipiki? Tulikua tukiitazama ikipita na vumbi lake, juu yake mfanyakazi wa shirika, na tulijua sauti ya kila moja. Wenzetu wengine walijifunza kupanda wakiwa vijibarua vijijini kwa wenyeji, kwa siri, na walijifunza kutembea kushoto. Hilo nalo tutalirudilia.

Oktoba 2005 meli za kurudisha watu zilianza kutoka Kigoma kuja Baraka. Familia zetu zilishuka kwa awamu, miaka ile iliyofuata. Tulikuta barabara ya taifa namba 5 iko kama kitanda cha mto, na toka hapo kupanda Fizi, ao kuingia vijiji vya ndani, ilikuwa njia ya miguu. Gari la ONG lilifika pale lilipofika, kisha ilikuwa pikipiki. Sasa ukubwa na udogo vilieleweka vyote viwili. Gurudumu la inchi 21 linapanda jiwe ambalo gurudumu dogo linagonga na kukutupa. Injini ndogo inakunywa kidogo, na mafuta yalikuwa yanakuja kwa bidoni. Na kilo zake hazipiti sana mia: watu wawili wanaiinua, wanailaza ndani ya mtumbwi, mnavuka mto ambao daraja lake limeenda na maji. Jaribu hivyo na pikipiki ya cc 600.

Sisi tulijifunza miaka kadhaa baadaye, tulipopata kazi. Diploma tulikuwa nazo, ya kupanda pikipiki hatukuwa nayo. Mwalimu alikuwa mtu wa lojistiki, uwanja ulikuwa wa mpira, na watazamaji walikuwa watoto wa shule yote. Walituuliza: “Ile ni moto ao ni ngazi?” Kosa la kwanza ni la kusimama. Kwenye pikipiki fupi unaweka miguu miwili chini umemaliza. Kwenye DT unachagua mguu mmoja kabla hujasimama, unaegemesha mashini upande ule kidogo, na kama chini kuko shimo, unalala nalo. Mwenzetu mmoja, mama wa watoto wawili na mfupi kuliko sisi wote, ndiye alijifunza mbele yetu. Sisi warefu tulitegemea miguu; yeye alijua hana, basi kila mara alitafuta jiwe ao ukingo wa njia kabla ya kufunga freni. Hadi leo anasimama vizuri kuliko sisi.

Kosa la pili ni la ule moyo wa mbuzi. Detan ya 125 haina nguvu chini. Ukiachilia ambriyaji polepole bila kuitilia mafuta, inazima katikati ya mlima, na pikipiki inaanza kurudi nyuma na wewe. Lazima uifanye ilie kwanza, ndipo inapanda. Mwanafunzi anaogopa ile sauti. Anafikiri anaiharibu, kumbe anaiharibu kwa kuihurumia.

Kosa la tatu lilikuwa la gharama. DT ina tangi dogo la oili peke yake, na pompi inayochanganya oili na mafuta ya injini. Mmoja wetu alikuwa amezoea pikipiki za mipigo minne, ambazo oili yake inakaa chini ya injini miezi. Taa ya oili iliwaka, hakuitambua. Karibu na Lweba pistoni ilishika ndani ya silinda, gurudumu la nyuma likafunga, naye akajikuta kwenye mihogo ya watu. Bahati ilikuwa mchanga. Toka siku ile sheria yetu ni vidole viwili juu ya ambriyaji muda wote, ili injini ikishika ukate mara moja.

Na lile la kushoto: Tanzania wanatembea kushoto, Kongo tunatembea kulia. Waliojifunzia Kigoma mikono yao ilijua vingine. Mchana na watu wengi hakuna shida, unafuata wengine. Hatari ni asubuhi mapema, barabara tupu, kona, na lori la Uvira linakuja.

Hayo yote tulijifunza juu ya pikipiki ambayo haikuwa yetu. Ilikuwa na namba ya shirika kwenye tangi, na karne ya safari ambamo uliandika kila kilomita. Saa kumi na mbili jioni iwe imelala ndani ya lupango. Abiria asiye mfanyakazi, hapana. Sheria hizo zilikuwa na sababu: asirensi, usalama, mafuta ya kuibwa. Hatuzikatai.

Lakini jioni moja, upande wa Mboko, mzee mmoja alitusimamisha na mtoto mgongoni, mwenye homa, shingo imelegea. Mzee yule alikuwa kambini nasi, sehemu moja, bomba moja la maji. Tulikuwa wawili, kila mtu na DT yake, na kiti cha nyuma kitupu. Tulimwambia sheria. Tulimpa franga za motari, kumbe saa ile hapakuwa na motari. Tuliingia lupangoni saa kumi na mbili kasoro, tukaandika kilomita. Mtoto alipona, asante Mungu, walitembea usiku hadi kituo cha afya. Mzee yule akikutana nasi sokoni anasalimia wengine.

Ndiyo sababu, mradi ulipofungwa na vitu vikauzwa, chama kilipotoa mchango na kununua DT moja iliyochoka, sisi hatukuona ni biashara. Kwa mara ya kwanza haikuwa “nitapewa.” Kibao cha namba kiliandikwa jina la chama. Nani abebwe, saa ngapi, hadi wapi, hilo ni neno la kikao chetu.

Sasa turudi kwa swali. Wanaosema iuzwe wana haki kwa mengi. Boxer iko chini, mwanafunzi anaweka miguu yote miwili; ni ya mipigo minne, haitaki oili ya kuchanganya; vipuri vyake viko kwenye kila kibanda. Kwenye barabara ya tambarare Boxer itatafuta feza, DT itakula feza. Segima za DT tunangojea Uvira ao Bujumbura, wiki mbili, mara tatu. Hata mchezo wa vitesi hauko sawa: Boxer ya 100 vitesi zote nne unakanyaga chini, DT ya kwanza ni chini na nyingine zote juu. Motari wa Boxer tuliyemwazima DT alitaka kuongeza vitesi, akakanyaga, akarudisha. Tairi liliandika barabara nzima.

Ila tunasema hivi. Boxer haifiki kule juu wakati wa mvua, na wanachama wetu wanaokaa juu ndio hawana kituo cha afya karibu. Na DT yetu haikufa kwa uzee. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Barry Coleman, Mwingereza, na Randy Mamola, Mmarekani wa mashindano ya pikipiki, walifika Somalia wakakuta pikipiki za afya zimeachwa kwa kukosa vitu vidogo ambavyo fundi yeyote angevitengeneza mapema. Toka hapo kukazaliwa Riders for Health, iliyoanza kazi Lesotho mwaka 1991 na pikipiki 47, na kila muganga akafundishwa kuikagua yake kila asubuhi kabla ya kuiwasha. Yetu mwaka jana ilisimama miezi minne. Sababu tuliitafuta kwenye daftari: kichungi cha hewa hakikuoshwa kiangazi chote, juu kila aliyeipanda alifikiri ni kazi ya mwingine. Tulikuwa tumejifunza kupanda, kuwa na pikipiki hatukujifunza.

Tunapendekeza iendelee kukaa, na Boxer inunuliwe kwa mchango mwingine, ifanye kazi yake barabarani. DT iwe ya wagonjwa na ya kufundishia. Mtu ailinde kwa jina lake, si “kamati.” Mama tuliyemtaja juu amekubali, kama mkutano utakubali.

Saa hii iko kwa fundi, nyuma ya soko la Baraka, inangojea segima. Ikitoka, mazoezi ni Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi, uwanja wa mpira, kabla watoto hawajaamka. Wamama watatu na vijana wawili wamekwisha kujiandikisha. Kaske ziko mbili. Atakayekuja avae viatu vya kufunga, si sandali.