Kutoka Kipevu Hadi Lugazi: Taarikhi ya Besiboli ya Watoto

Malori yatokayo katika gati za bandari yetu ya Kipevu, yakiwa yamebeba makontena ya mali ya Waganda, huikata Kenya yote kutoka pwani hadi mpakani, yakapita Voi na Nairobi na Nakuru, yakaingia Uganda kwa mlango wa Malaba au wa Busia, na baada ya kuvuka mto Nile hapo Jinja hupita kando ya mashamba ya miwa ya mji uitwao Lugazi, kabla ya kumaliza safari yao Kampala, zaidi ya kilomita 1,100 kutoka baharini. Madereva wa hapa Changamwe waujua mji huo kwa kiwanda chake cha sukari, alichokiasisi Nanji Kalidas Mehta mwaka 1924. Walakini ni wachache mno miongoni mwetu wajuao kwamba watoto wa mji huo ndio waliokuwa Waafrika wa kwanza kusimama katika uwanja wa mashindano ya dunia ya besiboli ya watoto, huko Williamsport, Pennsylvania, mwezi wa Agosti 2012, na kwamba mashindano hayo yalikuwa yamechezwa tangu mwaka 1947 pasipo timu hata moja kutoka bara letu.

Nimekusudia kuisimulia taarikhi ya jambo hilo kwa wasaa wake, kwa kuwa naamini ya kwamba kilichowafikisha watoto wale ni kazi ya watu wazima walioshika daftari, kalenda na uwanja mwaka baada ya mwaka, na kwamba kazi hiyo sisi wa Kipevu twaiweza.

Mchezo wenyewe si mgeni kwetu kama lilivyo jina lake. Wanawake wengi waliosoma katika shule za msingi za Kenya wameucheza mchezo wa raunda, uliokuja na waalimu wa Kiingereza, ambamo mpira hutupwa, hupigwa kwa kijiti, na aliyepiga hutimua mbio kituo hadi kituo huku wenziwe wa upande wa pili wakiuwania mpira ili wapate kumtoa. Besiboli ni nduguye raunda: gongo lake ni refu na hushikwa kwa mikono miwili, mpira wake ni mgumu, wadakaji huvaa glovu za ngozi, vituo ni vinne vilivyopangwa mraba, na mwenye kuvizunguka vyote akarejea pale alipoanzia huwa amefunga alama moja. Ama softiboli, hiyo ilizaliwa ndani ya nyumba, katika mji wa Chicago mwaka 1887, pale George Hancock alipolikaza glovu la ndondi kwa kamba likawa mpira, na mpini wa ufagio ukawa gongo, wakacheza mabwana waliokuwa wamekusanyika wakingoja habari za mechi nyingine. Na hata leo mpira wake ni mkubwa kuliko wa besiboli, nao hutupwa kwa mkono upitao chini ya kiuno.

Kwa muda mrefu besiboli ilikuwa mchezo wa watu wazima ambao watoto waliuiga vichochoroni, kwa vipimo visivyowafaa na bila ya mtu wa kuwaamua. Mtu aliyeigeuza hali hiyo ni Carl Stotz wa Williamsport, ambaye katika kiangazi cha mwaka 1938, baada ya kucheza na wapwa zake uani, alikaa akiwapanga watoto uwanjani, akivisogeza vituo mbele na nyuma, hata akapata masafa ambayo mguu wa mtoto na mkono wa mtoto vyaweza kuyashindania kwa haki: futi 60 baina ya kituo na kituo. Kisha akaanza kazi nzito zaidi, ambayo aghalabu haisimuliwi, ya kubisha milango ya wafanyabiashara mmoja baada ya mwingine akiomba fedha za nguo na vifaa, akikataliwa mara nyingi, mpaka kampuni moja ya maziwa ilipomkubalia. Msimu wa kwanza ulikuwa na timu tatu tu, na mechi ya kwanza ilichezwa tarehe 6 Juni 1939, ambapo timu ya wauza mbao iliwashinda wenzao wa maziwa alama 23 kwa 8. Huo ndio mwanzo wa jumuiya iitwayo Little League, ambayo leo ina matawi katika nchi nyingi za dunia.

Lakini haki iliyopimwa kwa futi haikuwafikia watoto wote kwa pamoja. Mwaka 1955, katika mji wa Charleston, South Carolina, timu ya watoto weusi wa Cannon Street ilijiandikisha kwa mashindano ya jimbo kama kanuni zilivyowaruhusu, na timu zote za Wazungu zikajitoa zisije zikacheza nao. Watoto wale wakawa mabingwa wa jimbo bila ya kupiga mpira mmoja. Kisha wakazuiwa wasiende mbele kwa hoja kwamba ubingwa wao haukupatikana uwanjani, na hatimaye wakaalikwa Williamsport wakae jukwaani wawatazame wenzao, ilhali watu waliohudhuria walipaza sauti wakitaka waachwe wacheze. Wasichana nao walifungiwa mlango mpaka mwaka 1974, baada ya kesi iliyotokana na Maria Pepe wa Hoboken, New Jersey, aliyekuwa amevaa jezi ya timu yake kwa mechi tatu tu kabla ya kuondolewa. Na katika mwaka huohuo ndipo jumuiya ilipoanzisha mpango wa softiboli. Nayataja haya kwa makusudi, kwa sababu yaliyowapata watoto wa Uganda baadaye yana undugu nayo, ingawa sababu yake ilikuwa nyingine.

Uganda iliupokea mchezo huu katika miaka ya mwisho ya karne iliyopita, na miongoni mwa waliousaidia walikuwamo Wajapani wa kujitolea waliotumwa kufundisha mashuleni. Baadaye akaja Mmarekani mmoja, Richard Stanley, mhandisi mstaafu, ambaye kwa mali yake mwenyewe alijenga viwanja na mabweni katika wilaya ya Mpigi, magharibi ya Kampala, hata pakawa mahali ambapo mtoto aweza kulala, kusoma na kucheza besiboli bila ya kungoja msimu wa mtu mwingine umalizike. Mwezi wa Julai 2011 timu ya Kampala, iliyoitwa Rev. John Foundation, ilisafiri mpaka Kutno, Polandi, kwa mashindano ya kanda, ikawashinda wapinzani wake wa Mashariki ya Kati na Afrika, wakiwamo watoto wa Kimarekani wakaao Dhahran, Saudia, ambao wazee wao hufanya kazi katika mafuta. Haki ya kwenda Williamsport ikawa ni yao. Walipoomba viza, wakanyimwa: karatasi za umri na za kuzaliwa za baadhi yao zilionekana kuwa na hitilafu. Timu ya Saudia, waliyoishinda, ndiyo iliyopanda ndege.

Huzuni ya jambo hilo yafahamika na kila mzazi wa upande wetu, ambako cheti cha kuzaliwa cha mtoto hutafutwa mbiombio anapokaribia mtihani, na ambako tarehe iliyoandikwa zahanati huenda isiwe ile iliyoandikwa shuleni. Mtoto aliyekuwa ameshinda kwa gongo na glovu alishindwa kwa daftari ambalo hakulishika yeye. Hata hivyo watoto wa Langley, British Columbia, ambao wangalikuwa wapinzani wao wa kwanza huko Marekani, hawakuridhika. Walichangiwa fedha na watu wao, na mwezi wa Januari 2012 wakasafiri kutoka Kanada mpaka Uganda ili mechi iliyokosekana ipate kuchezwa. Waganda walishinda, 2 kwa 1. Sijui tendo lingine la watoto katika taarikhi ya mchezo huu linalonipendeza kuliko hilo.

Mwaka uleule wa 2012 Waganda walirudi Kutno, safari hii wakiwa ni watoto wa Lugazi, wakashinda tena, na safari hii karatasi zao zilikuwa zimetengenezwa mapema na watu wazima waliojifunza kwa uchungu. Huko Williamsport walishindwa na Panama, kisha na Meksiko; katika mechi yao ya tatu wakakutana na Gresham, Oregon, wakapata ushindi wa 3 kwa 2, wa kwanza kwa Afrika katika mashindano hayo. Mwaka 2015 timu ya Mpigi ilifika huko tena, baada ya mipango ya kanda kubadilishwa na Waafrika kuwekwa pamoja na Ulaya, jambo ambalo liliifanya njia kuwa ngumu zaidi. Na mwaka 2022 vijana wawili wa Uganda, Ben Serunkuma na Umar Male, walitia saini mkataba na klabu ya Los Angeles Dodgers.

Upande wa kusini, Dar es Salaam, mbegu ilipandwa kwa namna nyingine. Mjapani Shinya Tomonari, aliyekuwa amewafundisha Waghana katika miaka ya 1990, alihamia Tanzania katika miaka ya 2010, akaanza na wanafunzi wa sekondari, na shule ya Azania ikawa na kiwanja cha besiboli. Mashindano ya taifa yaliyoanzishwa huko huitwa Koshien, jina la uwanja wa Japani ambako wanafunzi wa sekondari wamekuwa wakishindana wakati wa kiangazi tangu mwaka 1924, baada ya mashindano hayo kuanza mwaka 1915. Wavulana hucheza besiboli, wasichana softiboli, na heshima kwa mpinzani na kwa mwamuzi hufundishwa kabla ya kufundishwa kupiga. Msomaji wa Kipevu asistaajabu kuwakuta Wajapani katika habari hii, kwani gati mpya ya makontena iliyofunguliwa hapa kwetu mwaka 2016 ilijengwa kwa mkopo wa Japani na kwa kazi ya wahandisi wa Toyo. Wameiacha saruji, na walipokwenda kwa jirani zetu waliacha na mchezo.

Basi, msimu wa namna hiyo hapa kwetu ungekuwaje? Wenye kuyajua mambo ya watoto watasema kwanza juu ya uwanja, nao wana haki, kwa kuwa baina ya gati, matangi ya mafuta, vituo vya umeme na barabara mpya, nafasi ya mtoto wa Kipevu kukimbia imezidi kubanwa. Walakini vipimo vya Little League vyatufaa: mraba wenye upande wa mita 18 na kidogo, mtupaji akiwa mita 14 mbali na mpigaji, na nafasi ya mita 60 ya kukimbilia mpira, hayo yote yaenea katika kona moja ya uwanja wa kandanda wa shule, bila ya kung'oa mlingoti wala kuhamisha goli.

Kalenda nayo hukwamisha wengi. Hatuna kiangazi cha Williamsport. Likizo ya Agosti, wakati kusi inapovuma na hewa ni tamu, ni fupi mno kwa ligi, na likizo ya Aprili huangukiwa na masika. Iliyobaki ni ile ndefu ya Novemba na Disemba, ambayo huanza na manyunyu ya vuli na kumalizika katika joto la kaskazi, kwa hiyo mechi hazina budi kuchezwa asubuhi mapema au baada ya alasiri, na saa za madrasa na za kanisa ziheshimiwe tangu siku ratiba inapoandikwa. Mechi za watoto huwa na zamu sita tu kwa kila upande, tofauti na tisa za wakubwa, na kwa hivyo humalizika kabla ya magharibi.

Kanuni za kuwalinda watoto nazo zipo tayari, wala hatuhitaji kuzibuni. Tangu mwaka 2007 Little League imeweka hesabu ya mipira: mtoto wa miaka 11 au 12 haruhusiwi kutupa zaidi ya mara 85 kwa siku, na akitupa mara 66 au zaidi sharti apumzike siku 4, kwa sababu kiwiko cha mtoto hakijakomaa na kocha mwenye tamaa ya kikombe aweza kukiharibu kwa maisha yake yote. Kadhalika kila mtoto aliyeandikwa sharti acheze. Hapana wa kukaa benchi msimu mzima akishika chupa za maji za wenziwe. Kanuni hii ya pili naipenda kuliko zote, maana mashindano yetu ya mitaani ya kandanda, pamoja na utamu wake, huwatupa nje wale ambao miguu yao imechelewa kukua.

Kuendesha ligi ya watoto wengi kwa fedha chache si jambo lisilopata kuonekana Kenya. Jumuiya ya vijana ya Mathare, iliyoasisiwa mwaka 1987 na Mkanada Bob Munro, imeendesha kandanda ya maelfu ya watoto huko Nairobi, na timu zake hupata alama kwa kusafisha mitaro ya mtaa wao, zikaingizwa katika jedwali lilelile la ushindi. Na Kilifi, hapa pwani, shirika la Moving the Goalposts limewapangia wasichana ligi zao tangu miaka ya mwanzo ya karne hii. Mitaro ya Changamwe nayo ina taka za kutosha kuwapa alama watoto wengi.

Lau ningeulizwa waanze nani, ningesema wasichana, na waanze na softiboli. Mama zao waliicheza raunda katika shule hizihizi, wanajua kumtoa mkimbiaji na wanajua kuhesabu mizunguko, kwa hivyo waamuzi wa msimu wa kwanza tunao tayari majumbani. Uandikishaji ufanywe Septemba, kila jina likiandikwa pamoja na nambari ya cheti cha kuzaliwa, na mzazi asiyenacho apewe mpaka Novemba akitafute, huku mtoto wake akiendelea na mazoezi pamoja na wenziwe.