Mwinamo wa paa

Fundi akiwa juu ya nyumba, iwe Uyole kule Mbeya au Ipogolo kule Iringa, utamsikia akimwuliza mwenzake: "Slopu umeweka ngapi?" Anataka kujua paa limepanda kiasi gani kutoka ukutani hadi kwenye kofia. Kiswahili kina maneno ya kulipokea swali hilo. Mteremko tunaujua: ni ule wa Kitonga, gari linaposhuka. Hanamu ni ya seremala anayekata ubao upande. Mimi nachagua mwinamo.

Kipimo chenyewe ni rahisi. Nyumba ina upana wa mita 8, nusu yake ni mita 4. Kenchi ikipanda mita 2 pale katikati, mwinamo ni 1 kwa 2, yaani karibu nyuzi 27. Bati huridhika hata na pungufu ya hapo. Nyasi haziridhiki, zinataka nyuzi 45 hivi, la sivyo zinakunywa maji kabla hayajafika upenuni, kisha zinaoza.

Ndiyo maana Rungwe, ambako Tukuyu hupata mvua ya zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, nyumba za nyasi za Wanyakyusa zilihitaji paa lililosimama. Uhehe, penye mvua chache zaidi, watu walijenga tembe: magogo, fito, udongo juu yake, paa karibu bapa. Udongo ule mzito ulizuia jua la mchana na kutunza joto usiku wa baridi ya Iringa. Kila mjenzi alilisoma wingu lake.

Sababu yangu kubwa ya kulipenda neno hili ni kitenzi chake. Kutoka inama tunapata inamia, na hapo tunaweza kuuliza: paa linainamia wapi? Mteremko, masikioni mwangu, hauliamshi swali hilo. Wenyewe ni kushuka tu. Bila swali hilo, kazi ya msanifu majengo Beda Amuli haielezeki vizuri. Katika Soko la Kariakoo, Dar es Salaam, lililojengwa miaka ya 1970, msanifu huyu alisimamisha miavuli mikubwa ya zege iliyopinduliwa. Kila mwavuli unainamia ndani, kwenye nguzo yake, na maji ya mvua yakapewa njia ya kushuka hadi kwenye hifadhi chini ya ardhi. Wengi walitumia mwinamo kuyafukuza maji. Yeye aliutumia kuyakusanya. Kwangu huo ndio ubunifu wa hali ya juu, na unastahili kufundishwa kwa Kiswahili.

Siku hizi Mbeya umeingia mtindo wa paa la kuficha. Ukuta unapandishwa kulizunguka, bati linalazwa nyuma yake kwa mwinamo mdogo, mara nyingi likiinamia mfereji uliofichwa. Wazo la kuyaleta maji ndani lipo, lakini njia ya kuyatoa ni nyembamba. Majani yakiziba mfereji, dari inalowa. Nimewahi kulala katika nyumba ya namna hiyo mwezi Machi, ndoo ikiwa kando ya kitanda.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kabla hujanunua bati hata moja, mwulize fundi wako mambo mawili: mwinamo ni nyuzi ngapi, na paa linainamia wapi.