Barakoa ya Barbara Meredith

Mwezi Novemba 1944 kampuni ya Republic Pictures ya Hollywood ilitoa filamu ya mfululizo yenye sura 12 iliyoitwa Zorro's Black Whip, yaani Mjeledi Mweusi wa Zorro. Jina hilo ni la biashara tu. Zorro, yule shujaa wa California aliyebuniwa na mwandishi Johnston McCulley mwaka 1919, haonekani hata mara moja. Aliyepo ni mwanamke, Barbara Meredith, anayevaa nguo nyeusi, kofia nyeusi na barakoa nyeusi, kisha akapanda farasi na kuwachapa majambazi kwa mjeledi. Nimeitazama filamu hiyo yote, na sura nyingine nimezirudia. Katika insha hii nataka kueleza kwa nini naipenda, na kwa nini mwanafunzi wa historia hana haja ya kuona aibu kwa kuipenda, ingawa inachosema kuhusu historia kwa sehemu kubwa si kweli.

Kisa chenyewe ni chepesi. Ni mwaka 1889, katika Idaho, magharibi ya Marekani. Idaho bado si jimbo kamili, na watu wanataka iwe jimbo ili sheria na ulinzi wa serikali vifike. Bwana mmoja, Hammond, mwenye magari ya farasi ya kusafirisha abiria na mtu wa heshima mjini, hataki. Sheria ikija, ujambazi wake utakwisha. Basi anatuma genge lake kuua, kuchoma na kuiba, huku mchana akikaa barazani na wazee wa mji. Anayempinga ni mtu wa barakoa aitwaye Mjeledi Mweusi, ambaye kwa siri ni Randolph Meredith, mwenye gazeti la mji. Randolph anauawa mapema kabisa. Dada yake, Barbara, anarithi vyote viwili, gazeti na barakoa. Anasaidiwa na Vic Gordon, mpelelezi wa serikali aliyetumwa kwa siri.

Filamu hizi hazikutazamwa kwa mkupuo kama ninavyofanya mimi. Sinema ilionyesha sura moja kwa wiki, na watoto walirudi na senti zao wiki iliyofuata kwa sababu sura iliishia pabaya: gari linatumbukia bondeni, nyumba inalipuka, mlima unaporomoka. Wiki inayofuata tunaonyeshwa kipande kidogo kilichokuwa kimefichwa. Kumbe aliruka! Ni udanganyifu wa wazi, na bado nauingia kila mara. Sisi tuliokulia karibu na vibanda vya video vya Kampala, ambako VJ hutafsiri filamu kwa Kiganda na kuongeza utani wake mwenyewe, tunajua kanuni tangu utotoni kwamba steringi hafi. Tunachotaka kujua ni ataponaje.

Kinachonifurahisha zaidi ni Linda Stirling, aliyeigiza Barbara. Akiwa ofisini kwenye gazeti amevaa gauni, sauti yake ni ya upole, watu wanamshauri mambo. Akivaa barakoa hazungumzi sana, anatenda. Majambazi wanapigana naye kwa mikono, wanamfukuza, wanamwona kwa karibu, na hawatambui kwamba ni mwanamke. Mdogo wangu wa kiume alicheka sana. Alisema hata kipofu angetambua. Katika sura moja genge linakaribia kabisa kuujua ukweli, ila mmoja wao anakataa katakata: Mjeledi Mweusi amewashinda kwa farasi, kwa bastola na kwa ngumi, kwa hiyo haiwezekani awe Barbara. Kwa maneno mengine, wanaulinda uongo huo wao wenyewe kwa kiburi chao. Barakoa ile ni kipande kidogo tu usoni. Kazi kubwa ya kumficha inafanywa na vichwa vya wanaume.

Hapo neno letu lenyewe linanichekesha. Kabla ya ugonjwa wa korona kulifanya neno la hospitali, barakoa kwa watu wa Zanzibar na Oman ilikuwa vazi la uso la mwanamke. Ukimwona mwenye barakoa, ulijua mara moja ni mwanamke, tena wa heshima. Barakoa ya Barbara inafanya kinyume: inamgeuza kuwa mwanamume machoni pa watu.

Mhadhiri wetu mmoja aliwahi kusema kwamba filamu za namna hii si chanzo cha historia bali ni upuuzi. Nakubaliana naye nusu. Ukiitumia filamu hii kujifunza Idaho ya 1889, utapotea. Hakuna jambazi mmoja aliyesimama kati ya Idaho na Muungano. Matatizo ya kweli yalikuwa mengine. Watu wa kaskazini walijiona mbali na Boise, na mwaka 1887 bunge la Marekani lilipitisha muswada wa kulikata eneo hilo na kulipa Washington. Ulikwama kwa sababu Rais Grover Cleveland hakuutia saini. Ili kuwatuliza, chuo kikuu kilipelekwa kaskazini, katika mji wa Moscow, mwaka 1889. Kisha kulikuwa na suala la Wamormoni, ambao sheria ya kiapo ya miaka ya 1880 iliwanyima kura kwa ajili ya dini yao. Mkutano wa katiba ulianza Boise tarehe 4 Julai 1889. Novemba wapiga kura waliikubali katiba kwa kura 12,398 dhidi ya 1,773, na tarehe 3 Julai 1890 Idaho ikawa jimbo la 43. Genge la Hammond, kama lingekuwepo, lingekuwa na kazi ngumu mno.

Lakini tuzitazame tena kura hizo. Hakuna ya mwanamke hata mmoja. Barbara Meredith anapigwa, anafukuzwa na kunusurika kufa kwa sura 12 ili Idaho iwe jimbo, na siku ya kupiga kura asingeruhusiwa kupiga. Filamu hailisemi jambo hili. Nadhani waandishi wake hawakulifikiria. Mimi nililigundua nilipokuwa nasoma tarehe za kura kwa ajili ya somo lingine, na tangu hapo siwezi kuitazama kama zamani. Naona mtu anayepigania mlango ambao ukifunguliwa yeye atabaki nje.

Wapo wanawake wa kweli wa Idaho ya 1889 ambao hawakuhitaji barakoa, na wawili wanafaa kuwekwa karibu na Barbara. Wa kwanza ni Abigail Scott Duniway. Kama Barbara, alikuwa mwanamke wa gazeti. Alianzisha The New Northwest huko Portland, Oregon, mwaka 1871, akaliendesha hadi 1887, na kila toleo lilidai haki za wanawake. Julai 1889 alisimama mbele ya wajumbe wa mkutano wa katiba wa Idaho, wote wanaume, akawaomba waandike haki ya wanawake kupiga kura. Hawakuiandika. Wanawake wa Idaho walisubiri hadi mwaka 1896, wapiga kura wanaume walipokubali kuibadilisha katiba. Miaka miwili baadaye wanawake watatu walichaguliwa kuingia katika bunge la jimbo.

Wa pili ananisumbua zaidi. Katika filamu wakala wa serikali ni Vic Gordon, mwanamume. Katika Idaho halisi, mwaka huohuo wa 1889, alifika wakala maalumu wa serikali ambaye alikuwa mwanamke: Alice Fletcher, mtaalamu wa tamaduni za Wenyeji wa Marekani. Alikuja na sheria ya 1887 mkononi kuigawa ardhi ya watu wa Nez Perce, kila mmoja kipande chake, kazi iliyomchukua hadi 1892. Wao walimwita Mwanamke Mpimaji. Aliamini anawasaidia. Ardhi iliyoitwa ya ziada, zaidi ya ekari 500,000, ilifunguliwa kwa walowezi mwaka 1895. Kwa hiyo mwanamke mwenye mamlaka, aliyekwenda wazi bila kujificha, alikuwepo, na mamlaka yake yalitumika kuwapunguzia watu wengine nchi yao. Sisi wa Uganda, ambao nchi yetu ilipimwa kwa maili za mraba baada ya mkataba wa Buganda wa mwaka 1900, hatuhitaji maelezo marefu kujua kamba ya mpimaji inaweza kufanya nini. Katika filamu watu wa Nez Perce hawana nafasi. Sheria inakuja, wema wanashangilia, basi.

Nusu ya pili ya jibu langu kwa mhadhiri ni hii: filamu ni chanzo cha mwaka iliotengenezwa. Mwaka 1944 Marekani ilikuwa vitani, na wanawake wake walikuwa viwandani wakitengeneza ndege na meli, wakifanya kazi zilizosemekana hawaziwezi. Zaidi ya 1,000 walirusha ndege za jeshi ndani ya nchi katika kikosi kilichoitwa WASP, na 38 walikufa kazini. Mtoto aliyemtazama Barbara huenda mama yake alirudi jioni na mafuta ya mashine mikononi. Kikosi cha WASP kilivunjwa tarehe 20 Desemba 1944, mwezi mmoja tu baada ya filamu kutoka. Marubani wale hawakutambuliwa kuwa askari hadi miaka ya 1970.

Hata ndani ya filamu yenyewe kuna barakoa nyuma ya barakoa. Mbio nyingi za hatari za farasi hazikufanywa na Linda Stirling bali na Babe DeFreest, mwanamke mwenye ustadi mkubwa ambaye watazamaji hawakuujua uso wake, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kutoonekana. Stirling mwenyewe aliacha sinema, akasoma, akawa mwalimu wa Kiingereza katika chuo cha Glendale, California, kwa miaka mingi. George J. Lewis, aliyeigiza Vic, mzaliwa wa Mexico, alikuja kuwa baba yake Zorro katika mfululizo wa televisheni wa Disney ulioanza 1957, kwa hiyo alimpata Zorro mwishowe.

Na zile nguo nyeusi? Republic ilikuwa kampuni ya kubana matumizi. Mwaka 1951 ilitoa mfululizo mwingine, Don Daredevil Rides Again, na ili isigharimie mbio mpya za farasi ilichukua vipande vya filamu ya 1944 na kuvipachika humo. Shujaa safari hii alikuwa mwanamume, Ken Curtis. Nguo zake zilishonwa zifanane na za Barbara, ili vipande vya zamani viungane na vipya bila mtazamaji kushtuka. Ukiitazama leo, mwanamume anapanda farasi, anageuka kona, na anayetokea upande wa pili wa kilima akienda mbio ni Mjeledi Mweusi wa 1944.