Nguzo na Paneli: Nani Aligharimia Mwanga wa Vijijini Nchini Kenya, 1973–2015

Mijadala mingi kuhusu umeme wa vijijini huichukulia gridi ya taifa na umeme wa jua kuwa mahasimu, kisha huuliza kipi ni bora. Makala haya yanashikilia kwamba, katika historia ya Kenya, swali la msingi zaidi ni hili: nani aligharimia mwanga huo?

Serikali ilianzisha mpango wa kusambaza umeme vijijini mwaka 1973. Nguzo zilielekezwa kwanza kwenye masoko, viwanda vya kahawa na chai, shule na hospitali. Kwa kuwa makazi ya wakulima yametawanyika mashambani, familia nyingi ziliishi karibu na nyaya zisizoingia nyumbani mwao. Katika miaka ya 2000, ada ya kuunganishwa ilifikia shilingi 35,000.

Pengo hilo ndilo lililozaa soko la sola. Mwaka 1984, mhandisi Harold Burris na mwalimu Mark Hankins walifunga paneli katika shule ya harambee ya Karamugi, eneo la Meru, badala ya jenereta ya dizeli. Walimu na wakulima wa kahawa na chai wakafuata mfano huo majumbani. Baadhi yao walikuwa tayari na televisheni zilizotumia betri ya gari, ambayo ililazimu kupelekwa mjini kuchajiwa. Paneli ndogo iliondoa safari hiyo. Hivyo, sola haikuanza kama nishati ya maskini, bali ya wenye mshahara au zao la biashara.

Kuanzia mwaka 2012, kampuni ya M-KOPA iliuza mitambo kwa mkopo uliolipwa kidogo kidogo kupitia M-Pesa. Mlango ulipanuka, lakini masharti yalibaki ya soko: mtambo wa asiyelipa huzimwa kutoka mbali. Mwaka 2015 serikali nayo ilishusha ada ya gridi hadi shilingi 15,000 kwa kaya zilizo ndani ya mita 600 kutoka kwenye transfoma.

Mteja wa gridi hajawahi kudaiwa bei ya bwawa. Gharama hiyo hubebwa na wengi kwa pamoja. Mwenye sola alinunua mtambo mzima, pamoja na hasara ya betri inapokufa. Kwa hiyo, sera inayomhesabu mwanakijiji kuwa amefikiwa na umeme kwa sababu tu amejinunulia paneli huuhamisha wajibu wa taifa na kuutwika mabega ya kaya.