Ngalawa: Mtumbwi Uliofungwa Matengo

Mtumbwi ni gogo lililochongwa. Kwa kuwa ni mwembamba, ukitwekwa tanga huweza kupinduliwa na upepo wa ubavuni. Wavuvi wa pwani huiondoa hatari hiyo kwa mikono yao wenyewe: hulaza miti miwili kukingama juu ya mtumbwi, kisha hufunga ubao kila upande. Mbao hizo ndizo matengo. Mtumbwi unapoinama, ubao wa upande huo hukandamiza maji, ukauzuia usipinduke. Hapo mtumbwi huwa ngalawa.

Ufundi huu una ndugu ng'ambo. Mitumbwi ya namna hii ni ya kale katika visiwa vya Asia ya Kusini-Mashariki. Zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, mabaharia wa huko walivuka Bahari ya Hindi wakafanya makazi Madagaska; hata leo Kimalagasi kina undugu na lugha za Borneo. Wavezo wa magharibi ya Madagaska hufunga gogo la kuelea upande mmoja tu, na tanga lao ni la pembe nne. Ngalawa ya Tanzania na Kenya ina matengo mawili na tanga la pembe tatu. Wakomoro nao wana chombo chao, galawa.

Kila jirani, basi, alirekebisha chombo kulingana na bahari yake. Lakini ngalawa nyingi huchongwa kwa mwembe, na miembe minene haioti kwa mwaka mmoja. Anayekata mwembe leo bila kupanda mwingine humnyima mjukuu wake chombo.